Lori lililohukumiwa ovahoo: uchambuzi wa kisa cha injini iliyokosa pa kutolea pumzi

Kisa hiki ni cha lori la kuvuta tela lililonijia katikati ya msimu wa pamba, Kanda ya Ziwa. Nimeondoa majina ya watu, aina ya gari na gereji zilizohusika. Vipimo ni vile nilivyoandika kwenye daftari siku ile. Nakiandika kwa ajili ya mafundi wenzangu, na zaidi kwa madereva, kwa sababu dereva wa gari hili alikuwa na jibu mkononi miezi miwili kabla ya sisi wengine.

Usuli

Injini ni ya dizeli, silinda sita za mstari mmoja, ujazo wa lita 12 na ushee, yenye tabo (feni inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini) na intakula (inayoipoza hewa hiyo njiani). Gari liliagizwa kutoka Ulaya likiwa limeshatumika. Mmiliki ana magari matatu na anayajua kwa hesabu ya safari. Dereva alikuwa nalo mwaka wa nne.

Kazi yake ilikuwa ya aina mbili. Sehemu ya msimu lilikusanya pamba mbegu kutoka vituo vya vijijini kupeleka kiwandani, barabara za vumbi tupu. Sehemu nyingine lilibeba marobota kwenda Dar es Salaam kwa lami. Pamba hununuliwa kiangazi, kwa hiyo gari hufanya kazi nyingi zaidi wakati ule ule ambao vumbi ni jingi zaidi. Ongeza nyuzi za pamba zinazopepea kiwandani na kunasa kwenye kila kinachovuta hewa, kuanzia rejeta hadi filta.

Matunzo yalikuwa ya kawaida kwa magari mengi ya huku: oili na filta yake kwa wakati, filta za dizeli kwa wakati, na filta ya hewa kupulizwa upepo kila jioni. Kazi hiyo ya kupuliza ilikuwa ya utingo, naye aliifanya kwa bidii.

Kilichosahaulika ni kipumulio cha injini, ambacho mafundi wengi huita briza. Katika injini yoyote, hata mpya, sehemu ndogo ya gesi ya mlipuko hupenya pembeni mwa ringi za pistoni na kushuka kwenye krenkesi, yaani tumbo la injini ambamo kreni, mhimili unaozungushwa na pistoni, huzunguka juu ya oili. Gesi hiyo lazima itoke, la sivyo tumbo linavimba. Injini za zamani ziliitoa nje moja kwa moja kwa bomba linaloning'inia chini ya gari. Hii ya kisa chetu ina mfumo uliofungwa: gesi hupita kwenye kitenganishi chenye filta yake ndogo, ukungu wa oili hunaswa na kurudi chini, na gesi iliyobaki hupelekwa kwa mpira hadi kwenye bomba la hewa, kabla kidogo ya tabo, ikachomwe upya.

Filta hiyo ndogo ina muda wake wa kubadilishwa. Kwenye gari hili hakuna aliyejua kwamba ipo. Tulipokuja kuifungua, kifuniko chake kilikuwa bado na rangi ya kiwandani juu ya vichwa vya boliti.

Mambo yalivyokwenda

Mwezi Mei dereva aliona kijiti cha kupimia oili kimechomoka kidogo kwenye tundu lake. Akakirudisha. Siku ya pili kimechomoka tena, na kichwa cha injini upande ule kimelowa. Akakifunga kwa ukanda wa mpira wa tyubu ili kisiruke, akaendelea na safari. Alipolipeleka gari sevisi alimwambia fundi, fundi akasema kijiti kimelegea.

Juni, oili ikaanza kudondoka katikati ya injini na giaboksi. Gereji ya kwanza ikashusha giaboksi, ikatoa klachi, ikabadilisha sili ya nyuma ya kreni, ile pete inayozuia oili isivuje pale kreni inapotokea. Kazi ya siku mbili. Baada ya wiki mbili oili ikadondoka tena pale pale. Giaboksi likashushwa mara ya pili, sili nyingine ikawekwa, safari hii ya bei kubwa zaidi, kwa kudhani ile ya kwanza ilikuwa feki.

Mwanzoni mwa Julai gari likaanza kutoa moshi wa buluu likishuka mlima na kila dereva anapokanyaga mafuta baada ya kuliacha lingurume. Gereji ya pili ikafungua mpira wa intakula, ikakuta oili. Hukumu ikawa tabo. Ikanunuliwa tabo iliyokarabatiwa. Haikumaliza safari mbili, moshi ukarudi.

Gereji ya tatu ikafungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma. Mvuke ukatoka kwa nguvu. Fundi akamwonyesha mmiliki kwa kidole: ringi zimekwisha, hii ni ovahoo, injini ifunguliwe yote na kufanywa upya. Hesabu ya spea ilikuwa ya kumfanya mtu auze gari moja atengeneze jingine, na msimu ulikuwa katikati.

Hapo ndipo nilipopigiwa simu.

Siku ya vipimo

Nilianza kwa kukaa na dereva chini ya mwembe, karibu saa nzima, bila kugusa gari. Alipofika kwenye habari ya kijiti nikamwomba arudie. "Fundi, kijiti kilianza kabla ya yote," akasema. "Kabla hata ya ile sili ya kwanza. Nilisema."

Kijiti kinachoruka ni ishara kwamba tumbo la injini lina msukumo. Lakini msukumo huo una njia mbili za kutokea: ama gesi inayoingia ni nyingi kupita kiasi, ama njia ya kutokea imeziba. Mvuke kwenye tundu la oili hauwezi kukuambia ni ipi kati ya hizo mbili. Gereji ya tatu iliona kitu cha kweli ikaruka hadi kwenye jibu la gharama kubwa kuliko yote.

Chombo nilichotumia ni mpira wa maji wa waashi, ule wa plastiki angavu wa kupimia levo ya msingi. Niliukunja umbo la herufi U juu ya ubao, nikaujaza maji nusu, nikaunganisha ncha moja kwenye tundu la kijiti kwa kipande cha mpira mwingine na klipu. Ncha ya pili iko wazi. Tumbo likisukuma, maji hushuka upande mmoja na kupanda upande wa pili, na tofauti ya vimo viwili ndiyo kipimo. Kitabu cha kila injini kina kikomo chake. Kwa injini za namna hii ni jambo la sentimita chache hadi kumi na kitu za maji.

Injini ikiwa imepata moto, ikikanyagwa mafuta bila mzigo, tofauti ilipanda hadi sentimita 38 na ikawa bado inapanda. Nikaiachia kabla maji hayajamwagika. Kisha nikachomoa mpira unaotoka kwenye tumbo la injini kabla ya kitenganishi, nikaacha gesi itoke nje hewani, nikarudia kipimo kwa mwendo ule ule. Sentimita 3.

Kwa vipimo hivyo viwili, vilivyochukua dakika chache, nilijua kwa nini sili mbili nzima zilivuja na kwa nini tabo iliyokarabatiwa ilimwaga oili. Sili ya kreni imeundwa kuzuia oili isiyosukumwa. Na tabo haina pampu ya kurudishia oili: oili inayolainisha mhimili wake hushuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, kwa uzito wake tu, kupitia bomba moja nene. Tumbo la injini likiwa na msukumo, oili hiyo haina pa kushukia. Inajaa kwenye tabo, inatafuta njia pembeni mwa ringi ndogo za mhimili, nusu inaingia intakula na nusu inaingia ekzosi. Ukibadilisha tabo, unaweka tabo mpya kwenye shimo lile lile lisilotiririka.

Kabla ya kufurahi nilipima jambo moja ambalo husahaulika: kompresa, pampu inayojaza upepo wa breki. Pistoni yake ikichakaa, nayo hupuliza upepo kwenye tumbo la injini kupitia njia ya oili yake. Niliangalia maji kwenye mpira kompresa ikiwa inajaza matangi, na tena ilipokata. Hayakucheza. Kompresa haikuwa na kosa.

Lakini mvuke uliotoka pale nilipochomoa mpira ulikuwa mzito kuliko unavyopaswa, na filta ya kipumulio haizibi hivi bila kulishwa sana. Siku ya pili tukatoa nozeli zinazonyunyiza dizeli, tukaleta kila pistoni juu, tukaifunga kreni isizunguke, tukaingiza upepo kwenye silinda moja moja na kusikiliza kwenye tundu la oili. Silinda nne zilipumua kidogo. Ya tano na ya sita zilipumua wazi. Kwa hiyo fundi wa gereji ya tatu hakuwa amekosea kabisa. Ringi za silinda mbili zilikuwa zimeliwa.

Swali likawa: zimeliwa na nini, kwenye gari linalobadilishwa oili kwa wakati?

Upande wa hewa inayoingia

Niliingiza kitambaa cheupe chenye grisi ndani ya bomba, baada ya filta ya hewa, upande wa tabo. Kilitoka cha kahawia. Hapo panapaswa kuwa safi kama sahani. Tukafuatilia bomba kutoka filta hadi tabo na kukuta mambo manne.

Kiwiko cha mpira kati ya filta na tabo kilikuwa kimepasuka upande wa chini, mahali pasipoonekana ukisimama. Klipu moja ilikuwa imekatika, badala yake umefungwa waya wa kufungia nondo. Tundu la kioneshi cha filta, kile kidude chenye mstari mwekundu unaopanda filta ikijaa, lilikuwa wazi; kidude kilivunjika siku nyingi. Na filta yenyewe: nilimwita utingo na mmiliki tukaingia stoo gizani, nikawasha tochi ndani yake. Tuliona nukta za mwanga, tatu au nne hivi, kwenye mikunjo ya karatasi.

Yule kijana alihuzunika. Alidhani anaisaidia injini. Nilimweleza, na nalieleza hapa kwa sababu gari baada ya gari nalikuta hili. Upepo wa gereji au wa matangi ya breki ni msukumo wa bar 8 au zaidi, na karatasi ya filta haikutengenezwa kwa hilo. Watengenezaji wanaoruhusu kupuliza huweka kikomo karibu na bar 2, kutoka ndani kwenda nje, na wengi hawaruhusu kabisa. Halafu kuna jambo ambalo watu hawaliamini mpaka walione: filta yenye vumbi kidogo juu yake huchuja vizuri kuliko mpya, kwa sababu vumbi lenyewe hupunguza upana wa vinyweleo. Kila unapoifungua, unaangusha vumbi upande wa ndani na kuuchosha mpira wa kuzibia. Filta hufunguliwa kioneshi kinaposema, si jua linapozama.

Fikiria kiasi cha hewa kinachohusika. Kuchoma lita moja ya dizeli kunahitaji zaidi ya lita 10,000 za hewa. Gari likitumia lita 200 kwa safari, limevuta lita milioni mbili na zaidi. Ufa wa milimita chache katika bomba hilo, kwenye barabara ya vumbi nyuma ya lori jingine, ni mchanga unaoingia kila dakika. Na mchanga wetu una kwazi, aina ya jiwe ambalo ni gumu kuliko chuma cha ringi.

Ufa ulio baada ya tabo hutoa sauti. Unapiga mluzi, gari linapoteza nguvu, moshi mweusi unatoka, dereva analalamika siku hiyo hiyo. Ufa ulio kabla ya tabo hausemi kitu, kwa sababu hapo hewa inanyonywa. Gari linavuta vizuri, tena vizuri zaidi, maana linapata hewa kwa njia ya mkato.

Uamuzi na sababu zake

Nilimpa mmiliki njia tatu. Ya kwanza, ovahoo sasa hivi. Ya pili, tuchomoe kipumulio, tuache mpira uning'inie chini kama magari ya zamani, gari liende. Ya tatu, tuweke filta mpya ya kipumulio, turekebishe njia yote ya hewa, tusafishe intakula, kisha tupime tena na kuamua kuhusu ringi kwa namba.

Alitaka ya pili, kwa sababu kituo kilikuwa kinasubiri pamba ibebwe. Namwelewa. Ubaya wa njia hiyo ni mdomo unaobaki kwenye bomba la hewa kabla ya tabo pale mpira ulipokuwa umeingia. Mafundi wengi huuacha wazi au kuuziba kwa kitambaa. Ukiachwa wazi, ni tundu linalonyonya vumbi bila filta, miezi yote. Na ncha ya mpira unaoning'inia ikijaa matope, umerudi ulikotoka.

Nilikataa kama suluhisho la kudumu, lakini filta ya kipumulio haikupatikana karibu, ikabidi iagizwe Dar es Salaam. Tukakubaliana hivi: kiwiko, klipu zote, filta ya hewa na kioneshi vibadilishwe kwanza, mpira wa kipumulio utolewe nje kwa muda, mrefu, ncha yake juu ya fremu mbali na matairi, mdomo wa bomba uzibwe kwa kizibo cha mpira chenye klipu. Dereva aukague kila anaposimama. Ilikuwa kwa siku sita.

Hapo nilifanya kosa. Kwa haraka ya mmiliki sikushusha intakula kuiosha. Niliona oili itachomeka yenyewe taratibu.

Matokeo

Siku iliyofuata dereva alipiga simu akiwa njiani: moshi wa buluu upo, tena mwingi. Ilikuwa oili ya zamani iliyojikusanya ndani ya intakula, ikinyonywa kila mzigo unapozidi. Mmiliki akaamini tumeshindwa, na gari lilikuwa tayari kwenye gereji nyingine, boliti mbili za tabo zimeshalegezwa, nilipofika. Hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba oili nyingi ndani ya intakula inaweza kuilisha injini ya dizeli bila kupitia nozeli. Injini inapanda resi yenyewe, unazima funguo haizimiki, mpaka uikatie hewa au ivunjike. Nilimweka dereva katika hatari hiyo kwa ajili ya kuokoa nusu siku. Tuliishusha intakula pale pale, tukatoa oili ya kujaza kidumu cha lita tatu na kubaki, tukaiosha na kuikausha.

Filta ya kipumulio ilipofika na kufungwa, mpira ukarudi mahali pake na nilipima tena: sentimita 5, ndani ya kikomo cha kitabu. Moshi uliisha. Sili ya nyuma ya kreni haikuguswa. Ndani ya wiki moja pakavu. Kabla yake dereva alikuwa akiongeza oili lita 4 kwenda na kurudi Dar es Salaam. Baada yake, lita 1 na kidogo. Iliyobaki ilikuwa ya zile ringi mbili.

Gari lilimaliza msimu. Kila baada ya wiki mbili dereva alileta kipimo cha mpira wa maji, kimeandikwa kwenye daftari. Kilipanda taratibu: 5, 5, 6, 7. Januari, kazi ilipopungua, tukafungua injini kwa ratiba yetu wenyewe, spea zimenunuliwa kwa utulivu. Slivu (kuta za ndani) za silinda ya tano na ya sita zilikuwa na ukingo juu unaoshikika kwa ukucha, ringi za juu zimekuwa nyembamba, na mapezi ya tabo upande wa hewa yalikuwa yameliwa makali kama kisu kilichonolewa kwenye jiwe. Vumbi tupu.

Uchambuzi

Makosa mawili yalishikana mikono. Vumbi lililopita kwenye kiwiko lilikula ringi. Ringi zilizoliwa zilipitisha gesi na ukungu mwingi. Ukungu uliziba filta ya kipumulio kabla ya wakati wake, filta ambayo tayari ilikuwa imepita muda. Kisha tumbo lililovimba likatoa oili kila penye udhaifu. Gereji zilirekebisha mahali oili ilipotokea. Hakuna iliyouliza inasukumwa na nini.

Siwalaumu mafundi wale kwa uvivu. Kushusha giaboksi mara mbili si kazi ya mvivu. Tatizo ni namna tunavyolipwa: mteja hulipa kwa furaha akiona spea mpya mkononi, lakini hulipa kwa kinyongo saa nzima ya kupima. Fundi anayejua hilo hujifunza kubadilisha kwanza. Mpira wa maji wa waashi ni kitu cha bei ndogo kuliko lita moja ya oili, nao uliokoa tabo ya pili na sili ya tatu.

Kilichofanya kazi zaidi ya vipimo ni yale mazungumzo ya mwembeni. Dereva alipanga matukio kwa mfuatano: kijiti, sili, moshi. Ukisikiliza mfuatano huo, tumbo la injini linajitaja lenyewe. Kila gereji ilisikiliza lalamiko la siku ile tu.

Kilichoshindikana upande wangu nimeshakieleza. Nyongeza moja: mpira wa maji ungeweza kutumika upande wa hewa pia, na sikuutumia. Ukiunganishwa kwenye tundu la kioneshi, unaonyesha filta inavyobana. Kikomo cha kubadilisha kwa injini nyingi kubwa za tabo ni karibu sentimita 60 za maji, kipimo kikichukuliwa injini ikivuta hewa kwa wingi. Ningepima pale kwa filta ya zamani, ningewaonyesha mmiliki na utingo kwa macho yao kwamba ilikuwa inapitisha hewa kwa ulaini wa kutilia shaka.

Sasa magari yote matatu yana daftari. Utingo hapulizi tena. Anatazama mstari mwekundu asubuhi, anapapasa kiwiko kwa vidole upande wa chini, anakamua ule mpira wa mdomo wa bata chini ya nyumba ya filta ili vumbi litoke. Gari la pili la mmiliki tulipolifungulia kipumulio, filta yake nayo ilikuwa ya tangu kiwandani, nyeusi na nzito kama sponji lililozama kwenye lami. Maji yalisimama sentimita 19. Lilikuwa bado halijavuja popote.